Kambi ya anga ya Ascension: njia moja ya kurukia, kazi zisizokwisha. Nani anaijua vizuri?

Mdadisi wa Anga:

Wakuu, habari za jukwaani.

Katika kambi zote za anga zilizozaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, hii ya kisiwa cha Ascension ndiyo inayonipa shida kuielewa. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa volkano wenye kilomita za mraba kama 88, uko peke yake katikati ya Atlantiki ya Kusini. Hakina wenyeji wa asili, hakina gati la meli kubwa, na maji ya kunywa ni ya kutafuta. Kisiwa ni cha Mwingereza tangu 1815, lakini uwanja wa ndege ulijengwa na Mmarekani na mpaka leo ndiye mwendeshaji.

Naomba mnisaidie hapa. Kwa nini mahali pagumu hivi palichaguliwa 1942 wakati pwani nzima ya Afrika Magharibi ilikuwepo? Kambi iliyofungwa 1947 ilifufukaje, hadi ikawa tegemeo la Waingereza katika vita vya Falkland 1982? Na lile linalonikereketa kuliko yote: njia iliyobeba ndege za mabomu na za kujaza mafuta usiku kucha ilishindwaje kubeba Airbus A330 mwezi Aprili 2017, tena wakati wa amani? Nasikia pia kwamba operesheni ya Stanleyville ya 1964 ilipita hapo hapo. Mwenye vipimo na tarehe aje navyo, maana porojo za mtandaoni nimeshazisoma za kutosha.

Ramani Mkononi:

Mkuu, chukua ramani upime umbali kwanza, jibu la swali la kwanza utaliona mwenyewe. Natal ya Brazil hadi Ascension ni kama kilomita 2,300. Ascension hadi Accra ni kama 2,200. Natal hadi Accra moja kwa moja ni zaidi ya 4,000. Ndege ya injini nne kama B-24 iliweza kuvuka bila kutua, lakini B-25 na A-20 za injini mbili hazikuwa na mafuta ya safari hiyo hata zikiwekewa matangi ya ziada, kwa kuwa ni lazima ubaki na akiba ya kupambana na upepo na kutafuta uwanja. Dakar ilikuwa karibu zaidi, kama kilomita 3,000 toka Natal, ila katikati ya 1942 ilikuwa mikononi mwa serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Ujerumani, kwa hiyo haikutumika. Ndege zikifika Accra zilikata bara kupitia Kano, Maiduguri, El Fasher hadi Khartoum, zikapanda Cairo au zikaelekea mashariki. Ascension ilikuwa jiwe la kukanyagia katikati ya maji.

Wahandisi wa jeshi la Marekani, Regimenti ya 38, walifika mwishoni mwa Machi 1942. Kila kitu, kuanzia tingatinga hadi mfuko wa saruji, kilishushwa toka melini kwenye matishari na kusukumwa ufukweni, na bahari ya pale ina tabia mbaya: mawimbi makubwa huja bila upepo wala dalili yoyote, yanapiga siku kadhaa na hakuna chombo kinachosogelea nchi kavu. Walilipua miamba ya lava wakajaza mabonde kwa kifusi chake. Tarehe 15 Juni ndege ya kwanza ilitua kabla kazi haijaisha, Swordfish ya Waingereza toka manowari ya ndege HMS Archer, na wajenzi waliifyatulia risasi wakidhani ni adui. Njia ilifunguliwa rasmi Julai 10 ikiwa na urefu wa mita kama 1,830. Kutoka ufukwe mtupu hadi hapo ni miezi mitatu na kidogo.

Sehemu iliyopatikana iko kati ya vilima, kwa hiyo njia ina nundu: unaanza kwa kupanda, unavuka kilele, kisha unateremka. Rubani mwenye mzigo mzito alikimbia akipanda bila kuona mwisho wa njia. Upepo wa pale ni wa kusini-mashariki karibu mwaka mzima, ndiyo maana njia imelazwa uelekeo huo na ndege nyingi huruka upande mmoja tu.

Sasa fikiria kazi ya kukitafuta kisiwa. Kanuni ya mabaharia wa anga ni moja kwa sitini: kosa la digrii moja linakutoa njiani kilomita moja kwa kila kilomita 60. Kosea digrii 2 toka Natal na baada ya kilomita 2,300 utakuwa umepita kando kwa karibu kilomita 80, na kisiwa chenyewe hakizidi kilomita 14 kwa upana. Marubani walikuwa na kibwagizo chao kwamba ukiikosa Ascension mkeo anaanza kupokea pensheni. Kilichowaokoa ni mawimbi ya redio ya kuelekezea na wingu linalokaa juu ya Green Mountain, mlima wa mita 859, ambalo mara nyingi huonekana kabla ya nchi kavu.

Hesabu ya kutorudi nyuma nayo ni ya lazima, na anayejifunza urubani aishike. Chukua saa za mafuta ulizonazo bila akiba, zidisha kwa kasi ya kurudi, gawanya kwa jumla ya kasi ya kwenda na ya kurudi. Mfano: una saa 10, unakwenda kwa 500 kwa saa kwa kuwa upepo uko usoni, unarudi kwa 580. Kumi mara 580 gawanya kwa 1,080 ni 5.37, yaani saa tano na dakika 22. Ukipita hapo hata ukisikia uwanja umefungwa huna tena pa kurudi. Hata leo kanuni za kimataifa zinauhesabu uwanja kama huu kuwa uwanja wa upweke: ndege ya injini za jeti lazima ifike ikiwa na mafuta ya saa mbili za mwendo wa kawaida, kwa sababu uwanja mbadala wa karibu hauko karibu kwa maana yoyote.

Kufikia mwisho wa vita zaidi ya ndege 20,000 zilikuwa zimepita. Na kambi haikuwa ya kupitisha ndege tu, iliwinda nyambizi pia. Septemba 16, 1942, B-24 iliyotoka Ascension iliishambulia nyambizi ya Kijerumani U-156 iliyokuwa imetandaza bendera ya msalaba mwekundu ikiwaokoa manusura wa meli Laconia, wakiwemo wafungwa wa Kiitaliano. Baada ya hapo Dönitz, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, aliamuru nyambizi zake zisiokoe mtu. Wanaosifia kambi hii kwa miujiza ya uhandisi wasiruke ukurasa huo.

Mbayuwayu:

Nyongeza fupi kuhusu ndege wenye manyoya, maana uwanja uliitwa Wideawake kwa ajili yao. Ni membe wa baharini wenye mgongo mweusi, hukusanyika kwa maelfu kutaga chini kabisa kwenye uwanda wa lava, na kundi lao kubwa lilikuwa mwishoni kabisa mwa njia mpya. Ndege ikianza kukimbia wao wanainuka wote kwa pamoja. Membe mmoja ana uzito wa kama gramu 200 tu, lakini ukimgonga kwa kasi ya kuruka anapasua kioo au kuziba kipoza injini.

Walijaribu moshi, wakajaribu baruti, wakarudi palepale. Jeshi likamleta James Chapin, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya New York aliyekuwa ametumia miaka mingi msituni Kongo na ndiye aliyemtambulisha tausi wa Kongo kwa sayansi 1936. Ushauri wake ulikuwa rahisi: msiwaue wakubwa, vunjeni mayai ya sehemu ile tu. Membe akipoteza yai huhama kwenda kutaga na kundi lingine. Yalivunjwa mayai kama 40,000 na eneo la njia likawa wazi. Kwa wanaosimamia viwanja vyetu vya pwani, kanuni ni ileile: ondoa sababu ya ndege kukaa hapo, yaani mayai, takataka, maji yaliyotuama na nyasi zenye mbegu. Baruti humtisha ndege kwa muda mfupi tu.

Mwana Boyoma:

Ndugu Mdadisi, kuhusu 1964 ulichosikia ni kweli, na sisi watu wa Kisangani, ndiyo Stanleyville ya wakati ule, inatuhusu moja kwa moja, kwa hiyo nitaandika kwa uangalifu.

Wapiganaji wa Simba walikuwa wameushika mji tangu Agosti 1964 na kuwashikilia mateka wazungu wengi. Ubelgiji ilikuwa na makomandoo wa miavuli, Marekani ilikuwa na ndege za mizigo Hercules C-130E, lakini hakuna aliyetaka kuomba ruhusa ya kukatiza anga za nchi za Afrika kaskazini na magharibi. Kuomba ruhusa ni kutangaza safari, na wengi wangekataa. Njia iliyobaki ni ya kuzunguka baharini: Kleine Brogel nchini Ubelgiji, Morón nchini Hispania, kisha chini hadi Ascension, kisha mashariki hadi kambi ya Kamina kule Katanga. Kwa kuwa kisiwa ni cha Mwingereza, London ililazimika kukubali kwanza. Waliondoka Ubelgiji Novemba 17 na wakakaa Ascension siku kadhaa, wakisubiri siasa ziamue, hadi 21.

Tazama ramani. Ascension hadi Kamina ni karibu kilomita 4,400, zaidi ya saa nane kwa Hercules, na sehemu kubwa ni bahari tupu usiku. Kamina ilichaguliwa kwa sababu Wabelgiji walikuwa wameshaijenga baada ya vita kuwa kambi kubwa ya anga, ile ambayo watu wanaiita Baka, yenye njia ndefu, maghala na nyumba za askari. Toka hapo hadi Kisangani ni kama kilomita 1,000 kwenda kaskazini. Alfajiri ya Novemba 24 Hercules tano za kwanza zilidondosha askari zaidi ya 300 kwenye uwanja wa Simi-Simi. Njia ilikuwa imezibwa kwa mapipa na magari, wakaisafisha kwa mikono ili nyingine zitue. Siku mbili baadaye wakashuka Paulis, ambayo leo ni Isiro.

Vitabu vingi huishia kwenye idadi ya wazungu waliookolewa. Wakongo waliouawa kabla, wakati na baada ya siku zile, kwa mikono ya pande zote, walikuwa wengi mno kuliko hao, na hakuna Hercules iliyopangwa kwa ajili yao. Kambi ya Ascension haikupiga risasi hata moja katika jambo hili. Iliwezesha tu, na ndiyo kazi ya kambi ya namna hiyo: anayeipata anapata mkono mrefu.

Kusini Hamsini:

Hapo Mwana Boyoma ameweka msumari penyewe. Niunganishe miaka ya katikati kwa haraka halafu niende 1982.

Mmarekani aliondoka 1947 na njia ikabaki kwa membe. Mwaka 1956 akasaini makubaliano na Uingereza ya kurefusha uwanja wa kujaribia makombora unaoanzia Cape Canaveral, na 1957 akarudi. Ascension iko kama kilomita 8,100 toka Cape, kwa hiyo rada na mitambo ya kisiwani iliona kichwa cha kombora kikirudi angani na kuanguka baharini. Baadaye NASA ikajenga kituo cha kuwasiliana na vyombo vya Apollo sehemu inayoitwa Devil's Ashpit, kilichofungwa 1990. Njia ikarefushwa hadi mita 3,054 na miaka ya vyombo vya angani vya Shuttle ikawekwa kwenye orodha ya viwanja vya dharura. GPS iliyo kwenye simu yako nayo inategemea kisiwa hicho: ni mojawapo ya sehemu chache duniani zenye antena za kutuma maagizo kwa setilaiti zile. Kazi hizi zote zilihitaji watu wachache na ndege chache kwa wiki. Maegesho yalikuwa madogo, matangi madogo, na waliosimamia uwanja walikuwa wafanyakazi wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani, kwa mkataba.

Aprili 2, 1982 Argentina ikavitwaa visiwa vya Falkland. Stanley, mji mkuu wa visiwa hivyo, iko kama kilomita 6,300 toka Ascension, na Uingereza iko mbali kidogo zaidi ya hapo upande wa pili. Ghafla uwanja wa ndege chache kwa wiki ukawa na siku ambazo kuruka na kutua, helikopta zikiwemo, kulifika 400.

Tatizo la kwanza lilikuwa mafuta. Mafuta yalikuja na meli iliyotia nanga nje ya Georgetown, mji mkuu wa Ascension, yakasukumwa kwa mpira unaoelea hadi matangi ya ufukweni, yakapakiwa kwenye malori, yakapandishwa uwanjani kwa barabara nyembamba. Kila hatua ina kasi yake, na mnyororo mzima unakwenda kwa kasi ya hatua iliyo dhaifu, ambayo ilikuwa malori. Wahandisi wa jeshi la Uingereza wakalaza bomba toka Georgetown hadi uwanjani na hapo ndipo mambo yakafunguka. Maji nayo yalitengenezwa kwa kusafisha ya bahari, yakagawiwa kwa kipimo. Malazi yalikuwa mahema na vijumba vya kukunjua vilivyoletwa kwa ndege, mtaa wao ukaitwa Concertina City.

Tatizo la pili ni maegesho na vumbi. Majivu ya volkano ni makali kama msasa. Helikopta ikipeperusha vumbi hilo, mapanga ya kukandamiza hewa ndani ya injini yanalika. Dawa zilikuwa kumwagia maji, kufagia kila siku, na kutowasha injini ukiwa umeelekeza mkia kwa jirani.

Sasa Black Buck ya kwanza, yaani shambulio la kwanza la mabomu la Waingereza dhidi ya njia ya Stanley, usiku wa Aprili 30. Waliruka ndege za mabomu Vulcan mbili na Victor 11 za kujaza mafuta, moja baada ya nyingine kwa pengo la kama dakika moja. Vulcan ya kwanza, XM598, ilirudi kwa sababu mpira wa kuzibia dirisha haukushika na chumba kikashindwa kutunza hewa. XM607 ya Martin Withers, iliyokuwa ya akiba, ikachukua kazi. Victor zilijazana zenyewe kwa zenyewe: mbili zinaruka pamoja, moja inampa mwenzake mafuta yake na kugeuka nyumbani, anayebaki anaendelea hadi amjaze mwingine. Vulcan ilipokea mafuta mara saba ikienda na mara moja ikirudi, safari ya karibu saa 16. Mabomu yalikuwa 21 ya ratili 1,000, yaani tani kama 9.5. Mafuta yaliyochomwa na kundi zima yalizidi lita milioni moja, sawa na tani kama 800. Fanya hesabu: zaidi ya tani 80 za mafuta kwa kila tani ya bomu. Bomu moja lilipiga njia ya Stanley. Waliangusha kwa kuikata njia kimshazari kwa digrii kama 35, kwa kuwa ukiifuata kwa urefu wake na ukakosea kidogo upande, yote yanaanguka kando.

Wengi hawajui kilichokaribia kuharibu mpango mzima kwenye njia ya Ascension yenyewe. Uwanja hauna barabara ya pembeni inayofuata njia kwa urefu wote. Ndege ikitua lazima igeuke mwishoni na kurudi juu ya njia hiyohiyo hadi kwenye mchepuko wa maegesho. Victor nne zilirudi karibu wakati mmoja zikiwa na mafuta ya mwisho, hakuna iliyoweza kuzunguka angani kusubiri mwenzake ageuke. Zikatua kwa mfululizo na waliotangulia wakajibana mwisho kabisa wa njia, huku anayefuata akija nyuma yao kwa kasi. Breki za mmoja zingefeli, ndege zote zile zingekwenda, na Vulcan bado iko kusini ikitegemea kujazwa ili irudi.

Vita vilipoisha kambi haikurudi usingizini. Njia ya Mount Pleasant kule Falkland ilifunguliwa 1985, na Ascension ikawa kituo cha kati cha safari ya Brize Norton, kambi ya anga kule Uingereza, hadi Mount Pleasant, kwa TriStar na baadaye A330. Kazi hii haina sifa magazetini, lakini kwa maoni yangu ndiyo iliyoila njia kuliko vita.

Mdadisi wa Anga:

Nashukuru sana wakuu, nimepata nilichokuwa nakitafuta na zaidi. Kwa hiyo tunafika 2017. Kuna wanaosema Marekani iliiacha njia ife makusudi ili Waingereza waondoke. Fundi Lami, wewe unasemaje?

Fundi Lami:

Hiyo ya makusudi haina msingi. Mwendeshaji mwenyewe anaitegemea njia hiyohiyo kuleta watu na vipuri vya mitambo yake. Njia ya lami hufa polepole halafu kwa ghafla, na utaratibu wake unajulikana.

Lami inashikilia kokoto kwa gundi yake, yaani bitumeni. Jua la tropiki, hewa na chumvi huikausha gundi mwaka baada ya mwaka, ikakosa unyumbufu. Kwanza zinatokea nyufa nyembamba kama nywele kwenye maungio ya mikanda ya lami, kwa sababu pale ushindiliaji huwa hafifu. Maji yanaingia ufani. Gurudumu zito likipita, maji yale yanabanwa na kurushwa, yanatoka na chembe laini za tabaka la chini. Baada ya muda chini kuna uwazi, juu kuna ganda. Ganda linavunjika vipande vya ukubwa wa kiganja, kisha upepo wa injini unavinyanyua. Hapo sasa una shimo, na pia una mawe yanayoweza kufyonzwa na injini ya ndege inayofuata. Kiwanja hakifungwi kwa ajili ya mtikisiko wa abiria, kinafungwa kwa ajili ya vipande vile. Kokoto za volkano zina tatizo lake pia: nyingi zina vitundu, zinanyonya bitumeni, kwa hiyo usipoongeza kiasi chake kwenye mchanganyiko unapata lami kavu toka siku ya kwanza.

Kwa nini A330 ndiyo iliyozuiwa na si nyingine? Kwa sababu mbili, uzito na upepo wa matairi. A330-200 inafika tani zaidi ya 230 na matairi yake yanajazwa hadi bar 14 hivi, yaani mguso mdogo wenye shinikizo kali. C-17, ndege ya mizigo ya kijeshi, inaweza kuwa nzito kuliko hiyo ila ina matairi 12 nyuma yaliyojazwa kama bar 10, ilibuniwa kwa ajili ya njia dhaifu. Embraer 190 ina tani kama 50 tu, ndiyo maana shirika la ndege la Airlink liliweza kuanza safari za mara moja kwa mwezi toka kisiwa cha St Helena mwezi Novemba 2017 huku ndege kubwa za Uingereza zikihamia kutua Dakar na kwingineko. Wakazi na wafanyakazi wa kisiwani waliumia miaka ile, maana kiti cha kwenda Uingereza kilikuwa kwenye A330.

Kuziba viraka peke yake hakutoshi pale tabaka la chini limeshalowa, lakini kiraka kizuri kinanunua muda, na wengi wanakikosea. Kata shimo liwe la pembe nne na kingo zilizosimama wima, usifuate umbo la shimo. Chimba hadi sehemu isiyosogea, hata ikiwa mara tatu ya kina ulichotarajia. Kausha kabisa. Paka bitumeni nyepesi chini na kwenye kingo. Jaza lami ya moto kwa tabaka zisizozidi sentimita 5 hadi 7, shindilia kila tabaka ingali na joto, maana ikishuka chini ya nyuzi 80 hivi hata roli zito halifanyi kitu. Acha uso uwe sawasawa na jirani, si nundu. Ziba ukingo wote. Lami baridi ya mifuko unayomwaga na kukanyaga kwa gari itatoka ndani ya wiki chache, na kila kipande kitakachotoka ni hatari kwa injini.

Kujenga upya ndiko kuliko na mlima wenyewe. Tufanye makadirio ya karatasini: mita 3,054 kwa upana wa kawaida wa mita 45 ni mita za mraba kama 137,000. Weka tabaka la sentimita 10 tu. Hiyo ni mita za ujazo 13,700 na tani kama 33,000 za lami. Bitumeni kwa asilimia 5 ni tani 1,650, na hakuna hata pipa moja linalopatikana kisiwani. Mtambo wa kuchanganyia, mashine ya kuponda mawe, maroli, mafuta, vipuri, chakula na malazi ya wafanyakazi, vyote vinakuja kwa bahari, na mawimbi yale aliyoyataja Ramani Mkononi hayajabadilika tangu 1942. Ukisahau mkanda mmoja wa mashine, unasubiri meli. Kazi lazima igawanywe kwa sehemu ili ndege za matibabu na ndogo ziendelee kutua, na hilo linaongeza muda. Ndiyo maana toka kuzuiwa 2017 hadi kurudi kwa ndege kubwa 2023 ni miaka sita.

Kosa naloliona ni kwamba kila kazi mpya ilipoongezwa, hesabu ya mafuta na vitanda ilifanyika, ya njia haikufanyika. Tabaka jipya la juu huhitajika kila miaka 15 hadi 20 hata bila vita. Uwanja wa barani unaahirisha mwaka mmoja na kuita mkandarasi wa jirani. Kisiwani mwaka mmoja wa kuahirisha unazaa mingine mitano.

Mdadisi wa Anga:

Swali la mwisho Fundi. Mtu wa kawaida anajuaje njia fulani inabeba ndege gani bila kusubiri mashimo?

Fundi Lami:

Kwenye taarifa rasmi za uwanja kuna msimbo wa nguvu ya njia. Kwa miaka mingi ulikuwa PCN na unasomwa hivi: namba, kisha F kwa lami au R kwa zege, kisha A hadi D kwa udongo wa chini toka imara hadi dhaifu, kisha shinikizo la matairi, kisha T kama ilipimwa kitaalamu au U kama ilikadiriwa kwa uzoefu wa ndege zilizokwisha kutua. Upande wa matairi, W haina kikomo, X inaishia megapaskali 1.75, Y 1.25, Z 0.5. A330 kwa 1.42 inahitaji W au X. C-17 inaingia hata kwenye Y. Namba ya ndege, ACN, isizidi ile ya njia. Kwa mfumo huo kuzidisha kidogo mara moja moja kuliruhusiwa: hadi asilimia 10 kwa lami na 5 kwa zege, na safari za kuzidisha zisifike zaidi ya asilimia 5 hivi za safari zote za mwaka. Usizidishe kabisa kama njia imeshaonyesha dalili za kushindwa, au lami ina joto kali, au tabaka la chini limelowa.

Ukiona U mwishoni, uliza ilikadiriwa lini. Na angalia tarehe ya chati yenyewe: kuanzia Novemba 28, 2024 mfumo wa kimataifa umehamia PCR na ACR, ambazo namba zake ni kubwa kama mara kumi ya zile za zamani. Ukichukua PCN ya chati ya zamani ukailinganisha na ACR ya ndege, utaona kila njia duniani ni dhaifu. Linganisha PCN na ACN, PCR na ACR, usichanganye.